Nilimngoja Dani Aletwe

Ijumaa iliyopita nilikwama nyuma ya msafara wa maiti kwenye barabara ya Bondo. Magari yamefungwa matawi, vijana wamekaa madirishani nusu mwili nje, honi hazinyamazi, na mbele kabisa jeneza linalong'aa. Mume wangu akasema, "Si upite? Hawa watatuchelewesha." Sikupita. Nilikuwa natafuta kidirisha. Mnayajua majeneza yetu ya huku, yale yenye kioo kidogo juu ya uso. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nina mvi ambazo nang'oa nikidhani hakuna anayeniona, lakini jeneza likipita macho yangu hukimbilia kile kioo kabla sijayakataza. Wallahi sijui natafuta nini. Tena uongo, najua. Natafuta uso wa Dani.

Dani alikuwa mama yake Baba. Tuliishi naye Kaloleni, kwenye zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, na sisi tuliokulia pale tunazikumbuka mpaka sauti ya mvua kwenye mabati yake. Alizaliwa Sakwa, upande wa Bondo, akaitwa Awino. Babu yangu, Mwislamu wa mjini ambaye nusu ya asili yake ilikuwa Pwani na nusu nyingine kila mtu aliisimulia kivyake, akamwoa, naye Dani akasilimu, akawa Rukia. Sala tano hakuziacha. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo dini haikuweza kumwachisha, nalo ni sigara. Alivutia nyuma ya choo, kwa mtindo wa wanawake wazee wa ziwani: upande wenye moto anauingiza mdomoni, anafunga midomo. Mimi nilikuwa nachuchumaa mbele yake kumkagua. Moshi unatoka, moto hauonekani, na ulimi hauungui!

"Dani, haikuchomi?"

"Inachoma wale wa kuuliza maswali," ananijibu, halafu anacheka na lile pengo lake la meno ya chini.

Meno hayo waling'oa akiwa msichana, ndivyo walivyofanyiwa wote wa rika lake kule kwao. Pengo lile nililipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba yetu. Nilikuwa naingiza kidole changu humo, naye anajifanya kuning'ata kwa ufizi, tunacheka mpaka Mama anagombeza kutoka jikoni. Nililala naye kitanda kimoja, mgongo wangu tumboni mwake. Samaki alinichambulia mwenyewe, mwiba baada ya mwiba, na macho ya ngege yote yalikuwa yangu. "Kula jicho, uone mbali." Nimekula macho ya samaki wengi sana na sikuona mbali wapi wala wapi, maana kilipokuja cha kumchukua mimi nilikuwa natafuta soksi.

Alikuwa na presha. Miguu ilimvimba, akawa anapumua kwa kishindo kama mtu anayevuta kitu kizito. Asubuhi hiyo Mama aliniamsha kwa kunigusa bega na kuniwekea kidole mdomoni. "Usimwamshe, usingizi umemjia saa hii tu." Nikatafuta soksi kimyakimya, nikatoka viatu mkononi, nikavalia nje. Sikumwambia kitu. Nani anamuaga mtu aliyelala?

Wakati huo madarasa ya chini tulitoka shule saa sita. Kufika kona ya kwetu nikaona turubai, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na mwanamume hata mmoja hakuna. Kitanda chetu, changu na Dani, kilikuwa nje kimesimamishwa ukutani, godoro limelowa. Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yametengeneza mfereji, yanatoka povu. Na ile harufu. Udi naujua, lakini chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya baridi, inaingia puani na kukaa. Baadaye ndio nilijua inaitwa karafuu maiti. Siku hiyo nilidhani ni dawa ya hospitali.

Mama akanikalisha mapajani, jambo ambalo hakuwa akilifanya tena kwa kuwa nilikuwa mkubwa. "Dani ametutoka," akasema. "Mungu amemchukua."

"Yuko wapi?"

"Wanaume wameshaenda naye."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikulia. Wanawake wakatazamana, mmoja akasema, "Maskini, hajaelewa." Ala! Nani hajaelewa? Nilielewa kabisa kwamba Dani amekufa. Mimi nilijua habari za kufa kuliko walivyonidhania, kwa sababu mwaka huohuo alikuwa amekufa babu yake Akoth, rafiki yangu wa mlango wa pili, na nilikuwa nimeona kila kitu kwa macho yangu.

Kwa kina Akoth mtu akifa anapelekwa mochari. Anakaa huko siku nyingi, watu wanakutana jioni, wanaimba, wanapika. Halafu siku inafika analetwa. Analetwa na gari, amevaa suti, anawekwa sebuleni kati ya kabati na mlango, na watu wanapanga foleni. Babu yake Akoth aliletwa hivyo kabla hajapelekwa kwao Ahero kuzikwa. Hata sisi watoto tuliinuliwa kwapani tukamwangalia kupitia kile kioo. Alikuwa na pamba puani na uso wa mtu aliyekasirishwa kidogo. Akoth akamwambia, "Kwaheri, Kwaru," nasi wengine tukasema hivyohivyo. Kwangu mimi hiyo ikawa sheria ya dunia. Mtu akifa, anarudi nyumbani mara moja ili aangaliwe.

Mtaniuliza, kwani hujawahi kuona Mwislamu akizikwa Kaloleni? Nilikuwa nimeona. Yaani niliona wanaume wakipita mbiombio na jeneza la msikiti begani, limefunikwa kitambaa cha kijani, na sisi watoto tunaitwa ndani. Lakini kwa akili yangu hao nao walikuwa wanapelekwa hospitali kwanza, kama watu wote. Nyumbani kwetu hakuwa amekufa mtu tangu nizaliwe. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maiti wetu halazwi mpaka kesho, na kwamba siku hiyo, wakati mimi nasoma silabi ubaoni, Dani alikuwa anaoshwa, anavalishwa sanda, anaswaliwa. Nilipokuwa mapajani mwa Mama alikuwa tayari ameingia ardhini.

Kwa hiyo nikangoja. Machozi niliyaweka. Nilikuwa na mpango wangu: nitalia siku atakayoletwa, mbele ya kioo, ili anione ninavyomlilia. Kulia kabla hajafika niliona ni kuyamaliza bure.

"Watamleta lini?" nikamuuliza Akoth kwenye ngazi.

"Yangu alikaa sana," akasema Akoth, mtaalamu. "Mpaka watu wa nyumbani wafike. Ya kwenu nani hajafika?"

Nikafikiri. Waliokuwa hawajafika ni watu wa Bondo. Mambo yakanielea vizuri kabisa.

Nikaanza kazi. Kati ya kabati na mlango nilifagia, nikafagia tena. Mgeni akitaka kukaa pale nilimwambia, "Hapo usikae, mama." Mama mmoja mnene alikaa kwa ubishi, nikamvuta mkono mpaka akainuka akisonya. Kanga ya Dani ya kutokea niliikunja nikaiweka chini ya mto wangu, ili wakimleta amevaa vitu vya ajabu kama ile suti ya babu yake Akoth, mimi nimfunike na chake. Usiku nililala sakafuni upande mmoja tu wa mkeka. Watu wazima walinisifu. "Mtoto ana subira huyu." Subira gani? Kila gari lililopunguza mwendo nje lilinifanya nisimame.

Siku ya kuanua tanga, baada ya hitima, Mama alitoa sanduku la Dani, akaanza kugawa nguo. Gauni hili la fulani, buibui hili la yule aliyemwosha. Mwanzoni niliangalia tu. Kisha nikaona buibui linakunjwa, linaingia kwenye mfuko wa mwanamke ambaye hata simjui. Nikaruka.

"Acha! Acha! Atavaa nini akija?"

Yule mwanamke akaurudisha mfuko chini taratibu, kama aliyeshikwa na mali ya wizi. Mama alinitazama, na nikaona usoni mwake jambo likifika. Akaniita kwa jina langu lote.

"Nani akija?"

"Dani. Wakimleta."

"Mwanangu," akasema, akapiga magoti ili tulingane. "Dani haletwi. Dani alizikwa siku ileile."

"Siku gani?"

"Ile ulitoka shule."

"Bila kuletwa?"

"Alikuwa hapa. Aliondokea hapa nyumbani."

"Bila mimi?"

Ninamhurumia Mama sasa, lakini siku hiyo sikumhurumia. Nilimwambia ni mwongo. Mbele ya mashangazi wote, mbele ya misahafu iliyokuwa bado mezani. Hakuna aliyenipiga. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu kwetu neno kama hilo lilikuwa na kofi lake.

Na papo hapo, kabla sijapata la kufanya, nje kukapasuka kilio. "Uuuwi! Uuuwi, Awino! Nyar Sakwa, yaye!" Binti wa Sakwa, ndivyo Dani alivyoitwa na watu wa kwao. Wanawake wa kwetu walishtuka, wengine wakashika vifua, maana tangu mwanzo Baba alikuwa amekataza kilio cha sauti. Mimi nilishtuka kwa furaha. Furaha, ndiyo! Nilikimbia nje. Pikapu ilikuwa imesimama, watu wa Bondo wanashuka na mbuzi, na mbele yao mwanamke mrefu, mikono kichwani, anakuja akilia na kulaumu njia nzima. Alipofungua mdomo nikaliona lile pengo. Pengo lilelile, chini, mahali palepale. Alikuwa Siprosa, mdogo wake Dani, ambaye nilimsikia tu akitajwa. Moyo ukaniambia: huyu ndiye mwenyewe. Wakubwa wa hapa wameshindwa, huyu hatashindwa kumleta Dani.

Alikuwa amebeba gauni jeupe la lesi kwenye karatasi ya nailoni, jipya, la kumvalisha dada yake. Akaingia mpaka sebuleni, akaangalia pale kati ya kabati na mlango, nilipofagia. Peke yake kati ya watu wazima alijua pa kuangalia.

"Awino iko wapi?" akauliza. "Bado mochari?"

Baba akaja mbio kutoka kwa wanaume wenzake. Akamshika mkono kwa adabu zote. "Mama, karibu. Kaa kwanza, upate maji."

"Sitaki maji. Nimekuja kuona dada yangu."

"Mama, tulishazika."

"Mlizika nani?"

"Tulituma habari siku ileile. Kwetu maiti halazwi, Mama, unajua. Ni dini."

"Habari nilipata kwa duka, ati Awino amekufa. Nikasema sawa, nitafute watu, nitafute gauni, niende nimwone. Hakuna mtu aliniambia mnakimbia." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Hiyo dini gani haingojangi dada? Mimi ndio nilimbeba mgongoni? Hapana, yeye ndio alinibeba mimi! Na sasa mimi nitasema nilimwona wapi? Nitaambia watu wa nyumbani nini? Kwamba niliona turubai?"

Nilisimama kando yake, nikashika sketi yake kwa mikono miwili. "Na mimi sikumwona," nikasema.

Akanitazama chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe ni wa nani?"

"Nilikuwa nalala na yeye."

Siprosa akaweka mkono mzito kichwani pangu, akamgeukia Baba. "Mtoto wa Awino, sikia. Mimi nitamwona. Na huyu atamwona. Nipeleke."

"Mama, wanawake kwetu hawaendi makaburini. Watu watasema..."

"Mimi si wa msikiti yenu. Waseme."

Baba alikuwa mtu wa msimamo. Lakini nadhani hakuwa na nguvu ya kumkatalia mwanamke mwenye mdomo wa mama yake. Akaangalia wazee waliokuwa mlangoni, wao wakaangalia chini. "Haya," akasema. Kisha akaniona bado nimeng'ang'ania sketi. Mama akasema, "Baba Zena, mtoto..." Baba akamkatiza kwa mkono. "Panda na wewe."

Tukapanda pikapu. Siprosa alinong'ona peke yake kwa Kijaluo, gauni mapajani. Mimi nilikuwa najipanga. Nilisahau kanga chini ya mto, nikajilaumu, nikajiambia si kitu, kuna gauni jeupe. Niliamini kwamba tukifika kuna mlango. Kuna mtu wa kufungua, kama askari wa geti, na Siprosa atamgombeza, naye atafungua.

Hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta ulioanguka upande mmoja, nyasi, mbuzi wawili, na vilima vidogo vya udongo, vingi, vya zamani vimedidimia. Baba akavua viatu ingawa hakuhitaji, sijui kwa nini. Akatembea mbele, akasimama kwenye kimoja chenye udongo mpya, mwekundu, umeanza kupasuka kwa jua. Kijiti huku, kijiti kule. Basi. Kilikuwa kifupi. Nilishangaa jinsi kilivyokuwa kifupi, kwa sababu kitandani Dani alinimalizia nafasi yote.

"Ndio huyu?" akauliza Siprosa.

"Ndio yeye."

"Hakuna hata sanduku?"

"Sanda, Mama."

Siprosa akavuta pumzi. Nilingoja aanze kugomba. Akauliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, "Amelala namna gani?"

Baba akamwonyesha kwa mkono. "Kichwa hapa. Amelala ubavu wa kulia. Uso kibla, kule." Akaelekeza kwenye vilima vya Riat.

Siprosa akaangalia Riat, kisha akageuka akaangalia upande mwingine, ambako kati ya mapaa ya mbali maji yalikuwa yanametameta. "Kwa hivyo mmemgeuza," akasema. "Mmemfanya apatie ziwa mgongo."

Lakini mimi neno moja lilikuwa limenitosha. Uso uko kule. Nilikuwa nimesimama mgongoni kwa Dani, ndiyo maana! Nikazunguka kile kilima upande wa pili, upande wa Riat. Nikapima mahali kichwa kilipo. Nikalala chini, ubavu wa kushoto, kama tulivyolala pale aliponigeuza ili tupige domo gizani, uso kwa uso. Udongo ulikuwa na joto. Ulininukia mvua na kile kitu kikali cha baridi, au nilidhani hivyo. Nikafungua macho yangu yote mawili, nikatazama pale udongoni usawa na macho yake, nikamwita.

"Dani."

Nikanyamaza ili nisikie vizuri.

"Dani, ni mimi. Nimekuja mbele."

Baba akasema, "Inuka, mwanangu, usilale hapo," lakini yeye mwenyewe hakusogea. Ni Siprosa aliyekuja. Akashuka kwa shida, goti moja, goti la pili, akakaa kwenye nyasi karibu na kichwa changu.

"Nyakwara, mjukuu wangu, unafanya nini?"

"Nangoja anione. Wewe ulisema tutamwona."

"Nilisema."

"Basi mwambie Baba afungue."

Nilimwangalia kutoka kule chini, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni bibi mzee tu, mikono yake haijui ishike nini. Hakuwa na uwezo wowote. Alikuwa amekuja na gauni na mbuzi na sauti yake, na vyote vilikuwa vimeishia hapa, kama mimi.

"Hatutamwona," akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mtoto wangu."

Ndipo kilio kikatoka. Sikulia kama watoto wanavyolia. Nililia kama yeye alivyolia akishuka kwenye pikapu, kwa sauti yote, kwa kelele, mdomo ukigusa udongo, nikachimba kwa kucha mpaka Baba akaja kunishika viganja. Akanishika tu, hakuninyamazisha, yeye ambaye aliwakataza wote. Nililia mpaka mbuzi wale wakakimbia. Na Dani, ambaye katika maisha yangu yote akinisikia nalia, hata kutoka mtaa wa pili, ilikuwa lazima aniite kwa sauti aulize nani amenigusa, hakuniita.